Gogo la Nane

Mize binti Ahmada hakujaliwa kupita mahali pachafu akanyamaza. Akingoja basi, ataokota makopo yaliyo chini ya benchi. Akialikwa harusini, atamaliza kula kabla ya wenzake ili awahi kukusanya sahani. Binti yake, Asmahan, alikuwa akiona haya alipokuwa mdogo, lakini sasa ana miaka ishirini na minne na ameshazoea. Miaka kumi na tisa Mize alisafisha wodi za hospitali moja hapo Birmingham, na wauguzi wenyewe walikuwa wakisema kwamba sakafu yake ingefaa kuandaliwa chakula bila mkeka. Kwa hiyo msimlaumu sana kwa yaliyotokea kule porini. Alifanya alichokifanya maisha yake yote, ila safari hii alikifanya mahali pasipotaka.

Alifika Uingereza mwaka tisini na tisa. Akateremka kituo cha mabasi cha Digbeth na sanduku moja, na mumewe, Mkubwa, alikuwa anamngoja na koti la kiume lililomfika magotini. Wakaanzia chumba kimoja kule Kingstanding, kwa shemeji yake. Kisha wakahamishwa mara tatu ndani ya miaka miwili, Asmahan akiwa bado mchanga, mara chumba kina ukungu, mara mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Walipopata nyumba yao Longbridge, karibu na pale palipokuwa kiwanda cha magari na sasa ni maduka, Mize alipiga deki usiku na mchana kwa siku mbili, akasema hapa hanitoi mtu. Hakuna aliyemtoa. Mkubwa alifia humo, miaka sita sasa.

Magoti yalipomshinda akaacha kazi. Daktari akamwambia sukari imepanda, atembee. Lakini kutembea bila kazi Mize aliona ni kutangatanga tu, mpaka alipoona tangazo maktabani: kila Jumanne kikundi cha kujitolea hutunza kijipori kilicho kando ya kijito, nyuma ya nyumba mpya, na kinahitaji watu wa kuokota taka. Jumanne iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, na glavu zake mwenyewe.

Mkuu wa kikundi alikuwa Baldev Singh, mzee wa miaka sabini na minne, mzaliwa wa Nakuru, aliyefanya kazi kiwanda cha magari tangu ujana wake mpaka kilipofungwa. Alimsikia Mize akiulaani mfuko wa taka uliopasuka, tena kwa Kiswahili, akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Mama, wewe ni wa wapi? Mombasa?"

"Mombasa wapi! Unguja, bwana. Na mama yako mie, kwa umri huo ulionao? Niite Bi Mize, yatosha."

"Haya, Bi Mize. Mimi Baldev wa Nakuru. Miaka mingi sana sijaongea Kiswahili na mtu ya kunijibu!"

Tangu siku hiyo wakawa hawaachani maneno. Mize alikiona Kiswahili cha Baldev kama gari lililokosa mlango: linatisha, lakini linakwenda. Baldev naye alisema Kiswahili cha Mize ni cha redio. Wakati wa chai walikaa benchi moja, Mize na chupa yake ya chai ya tangawizi, Baldev na biskuti zake za chumvi, na Waingereza watatu wa kikundi wakiwatazama bila kuelewa kitu.

Novemba Baldev akasafiri kwenda Nakuru, harusi ya mpwa wake, wiki nne. Mize akabaki na wale Waingereza, watu wapole kupindukia. Taka zikaisha wiki ya kwanza. Wiki ya pili akaanza kulitazama pori lenyewe, na hakupendezwa nalo hata kidogo. Kila upande palikuwa na visiki vya miti iliyokufa, ile miti ya gome jeupe linalobanduka kama karatasi, ambayo Waingereza huiita birch. Vilikuwa vya kimo cha kifua, vimeoza, vimelowa, vimeota uyoga. Mize amekulia nyumba ambayo uwanja ulifagiliwa kabla ya chai, na mti ukifa haukuachwa umesimama kama mzuka. Akakiwekea bega kisiki cha kwanza. Kikaanguka bila kelele. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa ameangusha kumi na kimoja.

Kuvitupa, hapo ndipo alipokwama. Kuni ni kuni hata zikiloa, na katika maisha yake Mize hajapata kutupa ukuni. Basi akayaburura magogo yake mpaka pale njia inapopita karibu sana na mtaro, akayasimamisha moja baada ya moja, akayadidimiza matopeni na kuyafunga kwenye miti mibichi kwa kamba ya buluu ya kuanikia nguo, watoto wasije wakatumbukia majini. Ukatoka uzio wa kupendeza, umenyooka. Wenzake walipita, wakasimama, wakatazamana. "Lovely, Mize," wakasema. "Gosh. You have been busy." Mize akarudi nyumbani kifua mbele. Miaka ishirini na mitano katika nchi ile, na bado hakuwa amejifunza kwamba Mwingereza akishtuka sana, husifu.

Baldev alirudi Desemba na pakiti ya majani ya chai ya Kericho kwa ajili ya Mize. Mize hakumpa hata nafasi ya kuvua mkoba, akamwongoza moja kwa moja hadi kwenye uzio wake. Baldev akasimama. Akaligusa gogo la kwanza, akaligusa la pili, kisha akageuka kulitazama pori lilivyobaki wazi.

"Nani ametoa hizi?"

"Mie. Peke yangu, na magoti yangu haya haya."

"Bi Mize," akasema taratibu, "hizi zilikuwa nyumba."

Akamkalisha benchini, akamweleza. Kuna ndege mmoja mdogo, si mkubwa kuliko kidole gumba na mkia, kijivu, mwenye kofia nyeusi. Jina lake willow tit. "Hiyo ndege haitaki tundu ya mtu mwingine. Lazima ichimbe yake, mpya, kila mwaka. Na mdomo ni ndogo, mti ngumu haiwezi. Inataka mti imeoza kabisa, namna hii. Nilipokuja hapa seventy-five, ilikuwa kila mahali, hakuna mtu aliijali. Sasa kwa kila mia moja, zimebaki kama sita. Mwaka jana hapa kwetu kulikuwa mume na bibi yake. One pair, Bi Mize. Mimi huandika ndege ya hii pori kwa daftari kila spring, miaka thelathini, na karibu na hapa sijui nyingine."

Mize akainuka benchini. "Nitayarudisha. Leo hii. Nakumbuka kila moja lilipokuwa."

"Ukivuta tena zitavunjika. Na hapo zilipo ni karibu na njia, kuna mbwa, kuna watoto, ndege haitakuja." Akaitazama mikono ya Mize. "Tafadhali. Usiguse kitu tena."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Katika umri wa miaka hamsini na tisa, Mize alikuwa ameambiwa mengi, lakini hajapata kuambiwa asiguse. Akarudi nyumbani asisikie ladha ya chakula. Alikumbuka chumba cha ukungu, alikumbuka alivyosimama kizingitini na mtoto begani na kukuta kitasa kimebadilishwa. Na sasa yeye ndiye aliyekwenda kumvunjia mwenzake nyumba, tena ya mwisho, huku akisifiwa.

"Mum, it's a bird," Asmahan akamwambia. "You didn't kill anyone."

"Hujui kama sikuua," akajibu Mize, akaenda zake kusugua jiko lililokuwa safi.

Jumanne iliyofuata akamwambia Baldev: "Nifundishe kumjua. Akirudi, nataka niwe wa kwanza kumtaka radhi."

Kumbe kumjua nako ni kazi. Kwa Kiswahili ndege huyu hana jina, hajapata kufika kwetu, basi Mize akamwita Kikofia. Lakini Kikofia ana mwenzake aitwaye marsh tit, kijivu vilevile, kofia nyeusi vilevile, na huyo Mize akampa jina la Pacha. Baldev alimletea picha kwenye simu: Kikofia ana shingo nene, Kikofia ana weupe-weupe ubavuni mwa bawa, Pacha ana kidoa cheupe kwenye mdomo. Mize aliweka miwani, akatoa miwani, akaona ndege wawili walio sawasawa.

"Usijali," akasema Baldev. "Mimi nimetazama thirty years, na nikipewa picha bila sauti bado natoka jasho. Wacha macho. Sikiliza." Akabonyeza simu. Pacha alipiga kama chafya: pi-chuu! Kisha akamwekea Kikofia, naye alilalamika polepole, kwa sauti nzito iliyopita puani: zi-zi, chaa, chaa, chaa.

Mize akafumba macho. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya benchini, akacheka.

"Huyu anasoma kwa ghunna!"

Baldev hakuelewa, ikabidi aelezwe. Jumamosi na Jumapili Mize husomesha watoto Kurani sebuleni kwake, na ghunna ni ile sauti inayotakiwa ipite puani, ikakae humo kwa kipimo chake. Mtoto akiimeza, Mize huisikia imemezwa hata akiwa jikoni anakaanga vitumbua, naye atapaza sauti kutoka huko huko: rudia! "Astaghfirullah, nisimlinganishe ndege na kisomo," akasema, "lakini pua ni pua. Huyu sitampoteza."

Alimpoteza, bila shaka. Januari na Februari mvua ilinyesha hadi mtaro ukafurika na njia ya kwenye uzio ikawa matope matupu. Wenye mbwa wakahamia upande wa pili wa kijito, na hakuna aliyepita tena upande huo. Hapakusikika ndege wa kofia yoyote. Ramadhani ikaangukia Machi, na Mize kila akishaswali alfajiri alivaa buti na kwenda kukaa juu ya ndoo aliyoigeuza chini juu, tasbihi mkononi, masikio wazi. Siku ya tisa akasikia chaa, chaa. Akampigia Baldev simu huku pumzi zinamkatika. Baldev akaja, akatazama kwa darubini yake, akamtafuta ndege mitini kwa muda mrefu.

"Great tit," akasema hatimaye. "Ana kofia lakini ana tumbo ya njano, ona. Huyo akikosa maneno yake anaiba ya wengine. Amedanganya watu wakubwa kuliko wewe."

Alisema kwa upole, akampigapiga begani, akaenda zake. Mize alibaki juu ya ndoo yake akaona aibu imemganda usoni. Akajiwekea sharti: hatampigia mtu simu tena mpaka amsikie ndege mara tatu na amwone kwa macho yake. Ukurasa wa mwaka huo katika daftari la Baldev ulikuwa mweupe. Kikofia huchimba mwishoni mwa Machi na Aprili. Aprili ikipita bila yeye kuonekana, mzee angeandika kwamba hakuna, na Kikofia wa pori lile angekuwa amekwisha kwa mkono wa Mize.

Idi ikapita. Mize alisherehekea kwa ajili ya watoto wake wa chuo cha Kurani, akapika biriani, akatabasamu panapotakiwa. Aprili ikaingia, wiki ya kwanza ikaisha. Magoti yalimuuma, na Asmahan alimwomba apumzike siku moja tu. Akakataa.

Ilikuwa Jumatano, jua ndio kwanza limepanda juu ya mapaa ya nyumba mpya. Mize alikuwa amekaa akilitazama pori, pale palipokuwa na visiki, kama alivyotazama kila siku. Sauti ikatoka nyuma yake.

Chaa, chaa, chaa.

Hakugeuka. Great tit huyo, akajiambia, mwizi wa maneno ya watu. Lakini sikio lilikuwa limeshakaa wima. Ikaja mara ya pili, nzito, ndefu, imepita puani na kutulia humo kwa kipimo chake bila kupunguka. Mwanafunzi wake bora hajapata kuitoa namna ile. Ikaja mara ya tatu. Mize akageuka polepole, ndoo ikilia chini yake, na mbele yake palikuwa na uzio.

Kwenye gogo la nane, chini kidogo ya kamba ya buluu, palikuwa na tundu dogo la mviringo. Ndani ya tundu kitu kilitikisika. Kikatoka kichwa chenye kofia nyeusi, shingo nene kama ya mchukuzi, na mdomo umejaa unga wa mbao. Ndege akaruka hadi mti wa pili, hatua kama kumi hivi, akakung'uta kichwa, unga ukapeperuka, akarudi tunduni. Mwenziwe alikuwa tawini akimngoja, akiita. Akatoka tena na mdomo uliojaa. Akaenda, akamwaga, akarudi.

"Anatupa taka mbali na mlango," Mize akanong'ona. "Subhanallah, anasafisha!" Alihesabu safari kumi na mbili. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, kwa kuogopa kuinua mkono.

Alipopiga simu alisema maneno machache. "Bwana Baldev, njoo. Usinijibu, njoo."

Baldev alifika akitweta, kilemba kimefungwa haraka haraka, viatu vya nyumbani vimezama matopeni. Mize akamwonyesha kwa kidevu. Mzee akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Sasa ameita," akasema Mize. "Tena. Hilo la tatu. Umesikia?"

Baldev akagusa vidude vya kusikilizia vilivyokuwa masikioni mwake, cha kulia, cha kushoto. Akamtazama Mize, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Mize hakupata kukiona kwake.

"Sisikii kitu, Bi Mize. Tangu October sauti hiyo mimi sisikii. Hata ile ya simu nilikuwekea, sikuisikia, niliikumbuka tu. Sikuambia mtu." Akalipapasa daftari lililokuwa mfukoni. "Spring hii ningeandika hakuna. Hata kama iko, ningeandika hakuna."

Mize akamshika mkono wa koti na kumgeuza kidogo, ili tundu liwe mbele ya macho yake. Ndege akatoka na unga wake. Baldev akainua darubini. Akatazama safari moja, akatazama ya pili.

"Pacha hachimbi," akasema kwa sauti ya chini. "Pacha hutafuta tundu iliyo tayari, hajui kuchimba. Huyu anachimba mwenyewe. Na iko bawa, ona, nyeupe. Ni yeye. Bi Mize, ni yeye kabisa!"

Ndipo Mize alipozishusha pumzi ambazo, akijihesabia mwenyewe, alikuwa amezizuia tangu Desemba. Zikatoka na kicheko na kilio kwa pamoja, na ikambidi auzibe mdomo kwa ncha ya mtandio ili asiwatishe wenye nyumba. Kifua kilikuwa chepesi. Hata magoti, kwa dakika ile, hayakuwa yake.

"Kwa hiyo sikuwafukuza?"

"Umewafukuza," akasema Baldev. "Halafu umewajengea." Akaugusa uzio kwa macho tu, kwa heshima. "Nimesoma kuna watu wanafunga magogo kwa miti hivi, kusaidia hiyo ndege. Mimi nikasema hapa haiwezekani, njia iko karibu. Sikufikiria mvua itafunga njia. Na sikufikiria kama kuna mtu atafunga kumi na moja bila kuambiwa."

Akatoa daftari lake. Kwenye ukurasa mweupe akaandika tarehe, saa, jina la ndege, wawili, wanachimba. Alipofika penye jina la aliyeona, kalamu ikasimama. Miaka thelathini hapo paliandikwa Baldev Singh. Akaandika Mize Ahmada, akamwonyesha kama ameliandika sawasawa. Kisha akamuuliza, kwa unyenyekevu ambao haukumkaa vizuri, kama Jumanne zijazo angekubali kumsikilizia.

"Nitasikiliza mie, utaandika wewe," akasema Mize. "Lakini Kiswahili chako tutakitengeneza njiani."

Chini ya gogo la nane palikuwa pameanguka vipande vichache vya mbao, vyeupe juu ya tope jeusi, vile ambavyo ndege hakuwahi kuvibeba. Mize aliviona. Kiuno chake kikaanza kuinama chenyewe, mkono ukatangulia.

"Bi Mize," akasema Baldev.

"Sigusi, baba. Sigusi." Akaitia mikono yake yote miwili mifukoni, na wakaondoka hivyo, polepole, bila kugeuka nyuma.

Mchana Asmahan aliporudi kutoka zamu ya asubuhi alikuta vikombe viwili vya chai mezani, havijaoshwa, na makombo ya mkate kando yake. Katika nyumba ile hilo halijapata kutokea. Akapanda ngazi mbio, akamkuta mama yake amelala fofofo juu ya kitanda, koti mwilini, soksi zimejaa matope.

"Mum! Mum, are you ill?"

Mize akafumbua jicho moja.

"Mzima mie. Gogo la nane limepata wenyewe," akasema. "Hebu niache nilale."